Kisigino cha Kushoto cha Timothée

Siku Timothée alipoteleza kwenye magogo ya kutegea mitego maporomokoni, samaki aliyekuwa ndani ya mgono wake alikuwa mkubwa kiasi kwamba mpaka leo wapo watu Kisangani wanaodai kuwa ni samaki aliyekuwa akimteremsha Timothée, si Timothée aliyekuwa akimteremsha samaki. Wenye wivu watakuambia alikuwa mboto wa kawaida, wa kujaza sufuria moja tu. Waache. Hawakuwapo. Aliyekuwapo ni Timothée mwenyewe, na Timothée alisema samaki yule alikuwa na mabega.

Kuhusu mguu lakini hakuna ubishi. Alikuwa akishuka, mgono begani, maji yakinguruma chini yake, mara mguu wa kushoto ukakanyaga penye utelezi, ukapinda kwa ndani, na kitu fulani kikasema "tok". Mgono ukaanguka, samaki akarudi kwao. Timothée akakaa juu ya jiwe, akaushika mguu kwa mikono miwili kama anayemshika kuku asitoroke, na wala hakuwaza maumivu kwanza. Aliwaza Jumapili.

Jumapili hiyo, mwaka ule wa hamsini na nane, mtumbwi wa ukingo wa kulia na mtumbwi wa ng'ambo ilikuwa ishindane mbele ya mji mzima. Wagenia, wavuvi wa maporomoko yale, hupiga kasia wamesimama wima, nusu yao upande wa kushoto na nusu upande wa kulia, na mmoja husimama mbele kabisa, kwenye ncha, akiuongoza mtumbwi kama pua inavyomwongoza mlevi kwenye pombe ya lotoko. Kwenye mtumbwi wa ukingo wa kulia, wa ncha alikuwa Timothée. Kabla yake alikuwa baba yake.

Na ncha ile haikuwa kitu cha kuazimana. Desturi ya mtumbwi wao ilikuwa hivi: atakayesimama mbele siku ya mashindano, ncha ni yake. Ukikosa siku hiyo, iwe kwa homa, kwa msiba au kwa mguu, aliyeingia mahali pako haombwi kushuka. Baba yake Timothée mwenyewe aliipata ncha kwa sababu ya jino la mtu mwingine lililovimba usiku wa kuamkia mashindano. Yule mwenye jino akamaliza maisha yake akipiga kasia katikati, akitazama mgongo wa baba yake Timothée.

Kwa hiyo Timothée alipofika nyumbani akichechemea na kumkuta binamu yake Hilaire ameketi barazani, alijinyoosha haraka akatembea kama askari wa kambi ya Kapalata.

Hilaire alikuwa kijana wa kifua kipana kama mlango wa kanisa, na kwenye mtumbwi alisimama nyuma tu ya Timothée. Alikuwa ameshasikia. Kando ya mto habari hukimbia kuliko maji.

"Pole sana, yaya," alisema. Kwao yaya ni kaka mkubwa, na Hilaire alilitamka neno hilo kwa asali nyingi mno. "Banasema muguu imevunjika."

"Nani anasema?"

"Batu."

"Bale batu baliona samaki?"

"Samaki hapana. Baliona weye chini."

Viviane, mke wa Timothée, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akautazama mguu wa mumewe kwa muda. "Hii haiko muguu," alisema. "Hii iko muhogo. Hilaire, nenda kwenu, muhogo haiivi kama mutu anaitazama."

Hilaire akaenda, lakini alipita njia ya mtoni, na jioni hiyo walimwona amesimama kwenye ncha ya mtumbwi uliofungwa, mikono kiunoni, akijaribu namna ya kutazama mbali.

Viviane alimkanda mumewe kwa maji ya moto na chumvi, siku baada ya siku, na uvimbe ukashuka kiasi cha kuonyesha tena kwamba mle ndani kuna kifundo. Kulikuwa na kikwazo kingine lakini, na kikwazo hicho kilikuwa na mikono baridi.

Kikwazo kiliitwa Emile. Alikuwa infirmier, muuguzi wa dispensaire, ile zahanati ya kando ya mto, mzaliwa wa Isangi, mwembamba, msafi, mwana wa katekista aliyekuwa akipanda mtumbwi kama mzigo na kushuka kama mzigo. Mwaka uliotangulia mpiga kasia mmoja mwenye ngiri alianguka majini katikati ya mashindano, na tangu hapo kamati ikaamua: hapandi mtu mtumbwini mpaka Emile ampime kuanzia shingo hadi vidole. Aliyefaulu alipakwa kidole gumba cha mguu kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo ikishika ngozi haitoki hata ukiisugua kwa jiwe. Pale ufukweni, kidole kisicho na zambarau kingebaki mchangani.

Emile hakuwa na maneno mengi na wagonjwa. Alizoea kuongea na kiungo chenyewe. Ungemkuta amemwinamia mama wa watu, analiambia goti, "Alors, weye, sema basi."

Timothée alifikiri sana juu ya mikono ile. Mwisho akafikiri juu ya safou. Msimu wake ulikuwa umefika, na kila kikapu sokoni kilikuwa kimejaa matunda yale yenye ngozi ya zambarau. Akachemsha machache, akakamua ngozi zake, akapaka kidole gumba cha kushoto mara mbili, akapuliza.

"Iko namna gani?" alimwuliza mkewe.

"Inanukia chakula," alisema Viviane.

"Nauliza rangi."

"Rangi iko muzuri. Lakini Timothée, miye niko na kaka anasimama ku ncha ya ng'ambo. Kama unashindwa, nitasikia kucheka yake mpaka nizeeke. Nenda kwa Emile."

Timothée alikwenda, ila nia yake ilikuwa kupita tu. Siku hiyo ya Jumamosi, mchana, alipita mbele ya dispensaire polepole, kama padri kwenye maandamano, ili kila mtu akione kidole chake. Na kweli kilionekana. Safou ina mafuta, na mafuta yana marafiki. Nzi wa soko zima walikuwa wameacha samaki na nyama wakamfuata Timothée, wametanda nyuma yake kama kanzu ya bibi harusi.

Emile alikuwa ngazini akisuuza chupa.

"Papa Timothée. Muguu inaendelea namna gani?"

"Muguu gani?"

"Ile yenye nzi."

Timothée akakitazama kidole kana kwamba ndiyo mara yao ya kwanza kukutana. "Ulinipaka asubuhi," alisema. "Ulikuwa na batu mingi, umesahau."

Emile akaweka chupa chini, akainama, akanusa. "Bon," alisema. "Dawa yangu haijapata kunuka safou. Ingia."

Ndani, Emile akamketisha mezani, miguu ikining'inia, akachukua kitambaa chenye sabuni akamsugua kidole mpaka nzi wa mwisho akakata tamaa. Kisha akamsimamisha, akamtazama miguu yote miwili kwa nyuma, akamrudisha mezani, akaanza kubonyeza. Mikono ilikuwa baridi kama chupa ya bia ya Primus.

Alianza na nundu ya nje ya kifundo, kwenye ncha yake na nyuma yake, akaja ya ndani, kisha kile kinundu cha ukingoni, njiani kuelekea kidole kidogo, kisha mfupa wa juu ya unyayo. Mfupa uliovunjika, ukiguswa mahali pake, humrusha mtu kutoka mezani. Timothée hakuruka.

"Inauma?"

"Hapana."

Akabonyeza mbele kidogo ya ile nundu ya nje, penye nyama laini. "Na hapa?"

"Hapana," alisema Timothée, huku nyusi zake zikipanda mpaka karibu kuingia kwenye nywele.

"Nyusi inasema ndiyo," Emile aliuambia mguu.

Akaibana mifupa miwili ya muundi pamoja, katikati, kama anayekamua nguo. Hakuna kitu. Akamlaza kifudifudi, nyayo zikiwa nje ya meza, akamminya misuli ya nyuma ya mguu, na unyayo ukainama wenyewe kama mtu anayeitikia salamu. "Merci," Emile aliuambia. "Mushipa ya kisigino iko nzima." Timothée, uso ukiwa umezama mezani, alianza kutabasamu. Kichwani alishamwona Hilaire akirudi nyuma yake mtumbwini.

"Sasa ile ya tiroir," alisema Emile.

"Iko nini?"

"Kama tiroir ya meza, mtoto wa meza. Nashika muundi kwa mukono moja, isitembee. Kwa mukono ingine navuta kisigino. Kamba ya kifundo ikiwa nzima, kisigino inabaki kwao. Ikikatika, inatoka kama unafungua tiroir. Njo hivyo tu."

Akamgeuza chali, akaanza na mguu wa kulia, kwa sababu huo ndio aliouchukua kuwa kipimo. Akavuta. Mguu wa kulia ukakaa kwao kama mti. Akahamia wa kushoto, akavuta, na kisigino kikateleza mbele na kusema "tok".

Emile akavuta tena. Tok.

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo," alisema Timothée. Hilo lilikuwa neno la kweli, na kwa bahati mbaya alilisema kwa sauti ileile aliyosemea uongo.

"Wa kulia hauteleze, wa kushoto unateleza. Kamba imekatika, papa."

"Kisigino yangu iko vile tangu zamani."

"Na kidole yako ilikuwa zambarau tangu asubuhi."

Timothée angeweza kuapa kwa kaburi la baba yake, lakini alishaapa kwalo juu ya mabega ya samaki. Alibaki ametazama dari huku Emile akilowesha bendeji za plasta, akizizungusha kuanzia vidole mpaka chini ya goti, mzunguko juu ya mzunguko, zikiwa na joto la ajabu, kama mguu unafungwa ndani ya majani ya chikwangue, ule mkate wa muhogo. Dakika si nyingi ulikuwa mweupe na mgumu, na ukiugonga unalia kama mlango.

Kichwa cha Hilaire kikatokea dirishani.

"Yaya, pole. Nikuletee nini?"

"Niletee mugongo yako," alisema Timothée. "Niione ikienda."

Hilaire akaenda, na Timothée akasikia nyayo zake zikianza kwa heshima, kisha zikikimbia. Akafunga macho. Aliiona ncha, akaona mgongo wa Hilaire juu yake, mpana, ukimzibia mto wote kwa maisha yake yaliyobaki.

Ndipo akaingia Alexis, akiimba.

Huyu Alexis alikuwa kaka yake Viviane, na ndiye aliyesimama kwenye ncha ya mtumbwi wa ng'ambo. Kwa hiyo yeye na Timothée walikuwa mashemeji, wakiitana semeki kama mji ule unavyoitana, na walipendana sana nje ya maji. Alikuwa amekuja na wapiga kasia wake kupimwa, hao wengine wakingoja nje pamoja na wa ukingo wa kulia, wakitupiana maneno. Alipoiona plasta, wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Semeki," alisema, "umejenga nyumba ya muguu? Matofali ulitoa wapi?"

"Ngojea Jumapili."

"Jumapili niko na Hilaire, weye utakuwa umekaa na bamama. Nitakupungia mukono." Akauzunguka mguu ule mweupe, akaugonga kwa kidole. "Hodi. Hakuna mutu."

"Vua viatu," alisema Emile. "Kaa."

Alexis akakaa kwenye meza ya pili, akaendelea kucheka huku akibonyezwa. Hakuwa ameumia popote, na Emile angeweza kumpaka zambarau na kumwachia aende. Lakini Emile hakuwa mtu wa kuruka hatua, hata kwa mguu wa malaika. Akabonyeza kila nundu, akabana, akaminya. Akavuta kisigino cha kulia, kikakaa kwao. Akavuta cha kushoto.

Tok.

Timothée akafungua macho. Sauti ile aliijua kama kikohozi cha mtoto wake.

Emile akavuta tena. Tok. Akamtazama Alexis usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi. "Uliumia lini?"

"Miye? Siku hata moja."

"Lala. Plasta iko imebaki ya kutosha."

Kicheko cha Alexis kilitoka mlangoni peke yake, kikamwacha. "Plasta ya nini? Monsieur Emile, muguu yangu iko nzima. Iko vile tangu nilianza kasia. Uliza kila mutu."

"Mumujengee naye," alisema Timothée kutoka meza yake. "Mutu na semeki yake banafaa kukaa jirani."

Emile hakucheka, wala hakuigusa plasta. Alikuwa amesimama katikati ya meza mbili, anautazama mguu wa Alexis, anautazama ule mweupe wa Timothée, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu akasahau yuko soko gani.

"Hainaume, hata kidogo?" alimwuliza Alexis.

"Hainaume."

"Na weye ulisema vile vile," alimwambia Timothée, polepole. "Ku mutumbwi, musimamo yenu iko upande gani?"

"Kushoto," walisema wote wawili.

"Nionyesheni."

Alexis akashuka mezani, akashika ufagio badala ya kasia. Aliweka mguu wa kulia nyuma, akautanguliza wa kushoto, akasokomeza kisigino kwenye ukingo wa mtumbwi usiokuwapo, akainamia maji yasiyokuwapo, akavuta. Kila alipovuta kasia, mwili ulirudi nyuma na kisigino kikabaki mbele kimenasa ukingoni, na kifundo kikavutwa. Emile akachuchumaa, akaweka kiganja palepale. Alexis akapiga kasia chache zaidi, kwa fahari, mpaka akaangusha chupa.

Emile akatoka nje. Wapiga kasia wa mitumbwi yote miwili walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa baraza, miguu ikining'inia, na akaanza mwanzo wa ukuta. "Weye upande gani?" Kushoto. Akavuta cha kushoto: tok. "Weye?" Kulia. Akavuta cha kulia: tok, na cha kushoto kimya. Tok, kimya, tok, kimya, mpaka ukuta wote ukawa unalia kama mahindi juu ya moto, na watu waliokuwa wakipita na vikapu wakasimama kusikiliza. Mwishoni alikuwa ameketi mpiga ngoma wa ukingo wa kulia, mzee Zacharie, ambaye mtumbwini hukaa juu ya kiti na hajawahi kushika kasia. Emile akavuta visigino vyake vyote viwili. Kimya, kimya.

"Miye ninakufa?" aliuliza Zacharie.

"Weye tu njo mutu wa kawaida hapa," alisema Emile.

Aliporudi ndani alikaa kwenye kiti, akavua miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyewahi kumwona Emile akicheka, kwa hiyo walidhani ni homa.

"Papa Timothée," alisema alipopata pumzi, "nilikosea shahidi. Siku zote, juu ya muguu mbovu, nauliza mwenzake wa upande wa pili. Nyie miguu yenu haifanane. Kasia imewalegeza kifundo upande moja mwaka na mwaka. Kwa wako wa kushoto, ilifaa niulize wa kushoto wa semeki yako."

"Na inasema nini?" aliuliza Timothée.

"Inasema tok. Sawasawa na wako."

Emile akachukua mkasi mkubwa akaipasua plasta kwa mbele, kwa uangalifu, ikafunguka kama ganda la karanga na kubaki na umbo lake lote, kisigino, vidole na vyote. Akabonyeza tena. "Sasa unasema kweli. Inauma?"

"Inauma," alisema Timothée. "Hapa mbele. Kidogo."

"Merci. Leo njo nimeanza kukuamini. Imevutika, haikukatika. Simama ku vidole."

Timothée akasimama juu ya vidole vya mguu wa kushoto peke yake.

"Ruka."

Timothée akaruka kwa mguu mmoja. Emile alimaanisha palepale, lakini Timothée aliruka mpaka mlangoni, akashuka ngazi, akaruka mbele ya ukuta wote wa wapiga kasia, akaingia barabarani, akamkuta Hilaire anarudi kutoka mtoni na kasia la ncha begani, akamzunguka akirukaruka, akalichukua lile kasia, akarudi nalo dispensaire, bado kwa mguu mmoja. Wapo wanaosema alifika sokoni na kurudi na pilipili. Hilo la pilipili halina uhakika.

Emile akakifunga kifundo kwa bendeji ya kukaza, akachovya pamba kwenye chupa, akakipaka kidole gumba zambarau ya kweli. Hakuna nzi aliyesogea. Viviane, aliyekuwa amekuja mbio baada ya kusikia habari ya plasta, aliiokota ile plasta tupu chini ya meza akaiweka kikapuni.

"Ya nini?" aliuliza mumewe.

"Weye piga kasia," alisema Viviane.

Jumapili, baada ya misa, kingo zote mbili zilijaa mpaka matawi ya miti yakazaa watu. Njia ya mashindano ilikuwa kutoka chini ya maporomoko mpaka kwenye boya jekundu katikati ya mto, kulizunguka kwa kushoto, na kurudi. Zacharie akainua fimbo zake za ngoma, mto ukanyamaza ili asikilizwe, na mitumbwi ikaondoka.

Ng'ambo walianza vizuri. Alexis aliimba, watu wake wakaitikia, na kufika karibu na boya walikuwa wametangulia kwa urefu wa mtumbwi mzima. Hilaire, nyuma ya Timothée, alikuwa akipiga kasia kwa nguvu na kununa kwa nguvu, yote kwa pamoja.

Lakini katika mashindano yale mtu hashindi wala hashindwi penye maji manyoofu. Yote huwa kwenye boya. Pale mkondo husukuma mtumbwi upande wa kulia, na kuugeuza kushoto ni kazi ya mtu mmoja: wa ncha ananasa kisigino chake ukingoni, anajilaza nje juu ya maji, anazamisha kasia mbali awezavyo, na kuuvuta mtumbwi mzima na watu wake kama unamvuta ng'ombe kwa pembe. Kadiri kisigino kinavyoachia, ndivyo mtu anavyofika mbali.

Alexis alifika wa kwanza. Akanasa kisigino, akaanza kujilaza. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya kupiga kasia, akakumbuka kwamba ana kisigino. Alikumbuka mikono baridi, akakumbuka plasta iliyobaki ya kutosha. Akajiuliza kama kitarudi. Akageuza kichwa kukitazama.

Kitambo kile kilitosha. Ncha ya ng'ambo ikapitiliza, mkondo ukaikamata, na mtumbwi wao ukaanza kwenda pana, pana, kuelekea Basoko, mbali huko chini ya mto.

Timothée hakutazama chini. Alishakisikia kisigino chake kikisemwa mbele ya watu, kikahukumiwa, kikafungwa, kikafunguliwa. Hakikuwa na siri tena. Akakinasa, akajiachia. Tok, kilisema, na watu wa nyuma waliisikia. Akajilaza mpaka bega likaloa, mpaka sikio likagusa maji, na baadaye alieleza vizuri kabisa mazungumzo ya samaki aliyoyasikia huko chini, mmoja wao akiwa yule wa mabega, aliyemsalimu kwa jina. Kasia likashika. Mtumbwi ukageuka mahali pamoja, ndani ya kivuli cha boya, na Hilaire akasahau kununa akapiga yowe.

"Yaya, vuta."

"Navuta nini tena?" alijibu Timothée kutoka majini. "Tumeshapita."

Na kweli walikuwa wameshapita. Walirudi peke yao, mto mzima ukiwa wao, Zacharie akiongeza midundo ambayo haikuwa na kazi yoyote ila raha, na Timothée kwenye ncha, wima, kidole cha zambarau mbele ya wote. Ng'ambo walipofika, walioshinda walikuwa wameshakauka.

Desturi ilitaka wa ncha aliyeshindwa ammiminie pombe ya masanga wa ncha aliyeshinda. Alexis akaja na mtungi, amejikaza kiume, akitafuta kikombe. Ndipo Viviane akafungua kikapu. Ile plasta ilikuwa humo, imefungwa mahali ilipopasuliwa na kutandikwa majani ya mgomba ndani, imesimama juu ya unyayo wake kama imealikwa.

"Kaka," alisema, "mimina. Ulisema hamuna mutu ndani."

Alexis akatazama kiatu kile cheupe, akamtazama dada yake, akatazama ufuko uliokuwa umeanza kucheka kabla hajajua atafanya nini. Kisha na yeye akacheka, akamimina mpaka povu likapanda kwenye goti. Timothée akanywa. Akampa Hilaire, aliyekunywa ya vidole, akisema safari ijayo ataomba jino la mtu livimbe. Hilaire akampa Alexis, akanywa ya kisigino.

Emile alikuwa pembeni, amesimama mbali na maji kama ilivyokuwa kawaida ya kwao. Wakamleta kwa mabega. Timothée alikuwa ameketi juu ya ncha ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu, akaunyoosha mguu wa kushoto.

"Monsieur Emile," alisema, "bale ba nyuma hawajasikia."

Emile akapangusa mikono yake kwenye suruali, akashika muundi kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine. Ufuko mzima ukanyamaza, akina mama wakawaziba watoto midomo, hata maporomoko, kwa walivyosimulia waliokuwapo, yalishusha sauti. Emile akavuta.